Nywila ndefu, antivairasi ya kulipia, namba za uthibitisho kwenye simu, na bado akaunti imeingiliwa. Walipita wapi?

#1 Msomaji Mtulivu
Wakuu, habari zenu. Naomba wenye ujuzi tusaidiane kufikiri.

Dada yangu mkubwa ni mtu makini kuliko sote nyumbani. Nywila yake ya barua pepe ni ndefu na haifanani na jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta ina antivairasi ya kulipia. Aliwasha na uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kutumiwa namba kwa meseji. Ijumaa usiku watu wake wakaanza kupokea barua kutoka kwake: "Nimekwama, simu imeharibika, nisaidie chochote ulichonacho nitarudisha Jumatatu." Rafiki yake alishakuwa tayari kutuma, ila akapiga simu kwanza.

Kinachonisumbua ni hiki: simu yake haikupokea namba yoyote ya uthibitisho siku ile. Laini haikukata hata kidogo. Sasa walipita mlango gani? Maana kama aliyefuata yote tunayoambiwa kaingiliwa, sisi wengine tumesimama wapi?

#2 Fundi Bisibisi
Pole kwake. Kabla ya mjadala: abadilishe nywila sasa hivi, lakini ASITUMIE hiyo kompyuta yake. Atumie kifaa kingine ambacho hakina shaka. Kama ndani ya kompyuta kuna kitu kinachosoma anachoandika, nywila mpya itaondoka na mwizi dakika ile ile. Akimaliza, aende kwenye mipangilio ya usalama abonyeze "ondoka kwenye vifaa vyote". Watu wengi hubadilisha nywila halafu hawafanyi hii ya pili.

#3 Pweza
Mimi naenda kwenye jibu jepesi: ametumia nywila hiyo hiyo mahali pengine. Urefu wa nywila hausaidii kitu kama tovuti nyingine imevuja nayo. Kampuni ya mtandaoni ya RockYou ilidukuliwa mwaka 2009, nywila milioni 32 zilikuwa zimehifadhiwa wazi wazi kama zilivyoandikwa, bila kufichwa. Orodha zile bado zinazunguka hadi leo na wadukuzi huzitumia kama kamusi. Wanachukua anwani na nywila iliyovuja tovuti A, wanaijaribu tovuti B, C, D, na kazi hiyo inafanywa na programu, si mtu aliyekaa akibofya.

Mwambie aingize anwani yake kwenye Have I Been Pwned, tovuti aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013. Ni bure, itamwonyesha anwani yake imeonekana kwenye uvujaji upi.

#4 Kitasa
@Pweza umesoma uzi kweli? Ana hatua mbili. Hata wangekuwa na nywila wangekwama kwenye namba. Hii ni laini iliyohamishwa. Wanampigia mtu wa kampuni ya simu, wanajifanya ni wewe, namba yako inahamia kwenye laini yao. Agosti 2019 akaunti ya Jack Dorsey, bosi wa Twitter mwenyewe wakati huo, ilitekwa kupitia namba yake ya simu. Kama bosi wa mtandao katekwa hivyo, dada yetu je?

#5 Msomaji Mtulivu
@Kitasa laini haikukata. Alikuwa akipigiwa simu jioni yote, ndiyo maana rafiki yake alimpata.

#6 Kipanga
Kwa hiyo laini iliyohamishwa hapana. Laini ikihamishwa, ya zamani inakufa. Unaona "hakuna mtandao" ghafla sehemu ambayo siku zote una mtandao. Hiyo ndiyo dalili ya kukimbilia, wakuu. Mtu akiona hivyo asisubiri kesho.

#7 Mzee wa Kibodi
Mnakimbilia mbali. Swali la kwanza la fundi yeyote: je, barua hizo zilitoka KWELI kwenye akaunti yake? Jina linaloonekana juu ya barua mtu anaweza kuandika analotaka. Nikitaka naweza kukutumia barua inayoonyesha jina la dada yako, anwani halisi ni nyingine kabisa. Rafiki yake abonyeze lile jina, aangalie anwani kamili iliyojificha nyuma yake. Huenda hakuna aliyeingia popote na mnahangaika bure.

#8 Nyota Njema
Hii ya mzee ni nzito. Subirini tupate jibu kabla ya kuhukumu.

#9 Zuhura
Wakati tunasubiri: hii antivairasi ya kulipia ina kazi gani? Windows ina Defender yake, imo ndani tangu Windows 8 ya mwaka 2012, bure, na inajisasisha. Mimi ningeweka hela hiyo kwenye diski ya nje ya kuhifadhia nakala.

#10 Tai Mweusi
@Zuhura nakupinga. Antivairasi za kulipia nyingine zina ulinzi wa tovuti za ulaghai, zina vitu vya kulinda watoto. Si upotevu.

#11 Zuhura
Sijasema ni mbaya. Nasema mtu wa kawaida akishailipia anahisi amemaliza. Anabofya kila kitu kwa sababu "nina antivairasi". Ule usingizi ndio ninaougombea.

#12 Msomaji Mtulivu
Nimerudi. Rafiki yake ameangalia: anwani ni yake kamili, herufi kwa herufi. Nikaingia kwenye akaunti pamoja naye (kwa kompyuta yangu, asante @Fundi Bisibisi). Folda ya zilizotumwa ni tupu kwa siku ile. Ila kuna kitu kimetushangaza. Kwenye mipangilio ya kuchuja barua kuna kanuni ambayo hakuiweka yeye. Jina lake ni nukta moja tu, yaani "." basi. Inasema barua yoyote yenye neno "pesa", "akaunti" au "umedukuliwa" ihamishwe kwenye folda ya milisho ya RSS (ile ya kupokelea habari mpya za tovuti) na iwekwe alama kuwa imesomwa. Tulipofungua folda hiyo tukakuta majibu ya watu kibao: "Uko salama?", "Hii ni wewe kweli?" Yeye hakuwa ameona hata moja.

#13 Fundi Bisibisi
Basi waliingia. Hiyo ni alama yao kabisa. Mwizi wa barua pepe anaficha majibu ili mwenye akaunti asishtuke, na folda ya RSS wanaipenda kwa sababu hakuna binadamu anayeifungua. Wanaipa kanuni jina la nukta ili jicho lipite bila kuona.

Futeni hiyo. Halafu angalieni vitu hivi vingine, maana kubadilisha nywila hakuviondoi: barua kupelekwa kwa anwani nyingine moja kwa moja, anwani na simu za kurejesha akaunti, programu za nje zilizopewa ruhusa ya kusoma barua, na "nywila za programu" kama zipo. Mwizi mwenye akili huacha mlango wa nyuma humo, anarudi baada ya mwezi mkiwa mmeshasahau.

#14 Mzee wa Kibodi
Nimekubali, waliingia. Sasa tunarudi kwa @Pweza na @Kitasa.

#15 Mtafiti Huru
Mimi nina maelezo ambayo hayahitaji nywila wala namba.

Ukishaingia kwenye akaunti, kivinjari chako kinapewa kidakuzi, kialama kidogo kinachosema "huyu ameshathibitishwa". Ndiyo maana huulizwi nywila kila ukifungua barua. Mwizi akinakili kile kialama akakiweka kwenye kivinjari chake, tovuti inamwona yeye ni wewe. Hakuna nywila iliyoulizwa, hakuna meseji iliyotumwa. Inaendana na simu kukaa kimya.

Mfano wa wazi ni Machi 2023, chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips ilitekwa hivi. Watu wa teknolojia kabisa, wenye mamilioni ya wafuasi. Mfanyakazi alifungua faili lililojifanya ni mkataba wa udhamini, programu iliyokuwamo ikabeba data ya kivinjari.

Swali kwa @Msomaji Mtulivu: nani mwingine anatumia kompyuta hiyo, na kimewekwa nini hivi karibuni?

#16 Msomaji Mtulivu
Mwanawe wa sekondari huitumia kwa kazi za shule. Aliweka programu ya kuhariri video, ile ya kulipia lakini "iliyovunjwa", yaani imeondolewa ulinzi ili itumike bure. Maelekezo yalimtaka azime antivairasi kwanza ndipo asakinishe.

#17 Kipanga
Eeeh. Tumeshampata.

#18 Tai Mweusi
Programu inayokuomba uzime mlinzi ndipo iingie, mtu anahitaji ushahidi gani tena jamani.

#19 Mtafiti Huru
Naomba tusimuelemee kijana. Anachofanya ndicho wanachofanya vijana wote. Kosa la mfumo ni kwamba alikuwa akitumia akaunti ya msimamizi, ile ile ya mama yake. Windows na Mac zote zinaruhusu kuunda akaunti ya kawaida kwa mtoto. Kwenye akaunti ya kawaida, programu ikitaka kusakinishwa kwa kompyuta nzima inadai nywila ya mama, na vidakuzi vya mama vinakaa upande wake. Hii ni kazi ya muda mfupi kwenye mipangilio na haihitaji fundi.

#20 Pweza
Bado sijaridhika. Programu ile aliiweka lini? Kama ni mwaka jana, kwa nini wasubiri mpaka Ijumaa? Vidakuzi vina muda wake, haviishi milele.

#21 Mtafiti Huru
Wanaoiba si lazima ndio wanaotumia. Data inauzwa kwa mafungu, mnunuzi anaifanyia kazi kwa wakati wake. Na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari nazo huwa zimebebwa.

#22 Pweza
Nywila ikibebwa tunarudi pale pale: namba ya meseji ilikwenda wapi?

#23 Jongoo Mwendo
Naomba nitoke nje kidogo. Kazini tunalazimishwa kubadilisha nywila kila baada ya siku 90, na lazima iwe na herufi kubwa, namba na alama. Watu wote wanaongeza namba moja mwishoni. Hii inasaidia kweli?

#24 Mzee wa Kibodi
Haisaidii, na waliotunga utaratibu huo wameshauacha. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, wa mwaka 2003 uliandikwa na Bill Burr, ndio uliosambaza mambo ya alama na kubadilisha mara kwa mara. Mwaka 2017, akiwa ameshastaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST wakatoa mwongozo mpya: msilazimishe kubadilisha kwa kalenda, badilisha pale tu kuna dalili kwamba imevuja. Urefu una nguvu kuliko alama.

Chapisha mpelekee mkuu wako wa idara.

#25 Nyota Njema
Mzee usipoulizwa mwaka huwa unakosa raha 😄 ila asante, nimejifunza.

#26 Shangazi Mpole
Mimi nina swali la mtu wa kawaida kabisa. Mnasema nywila ndefu na kila tovuti yake. Nina akaunti zaidi ya thelathini. Kichwa hiki hakiwezi. Nikiandika kwenye daftari mtanicheka?

#27 Fundi Bisibisi
Hatukucheki shangazi. Mwizi aliye nchi nyingine hawezi kusoma daftari lililo kabatini kwako. Daftari nyumbani ni salama kuliko nywila moja kila mahali. Usilibebe tu kwenye mkoba pamoja na kompyuta, wala usibandike karatasi kwenye skrini ya ofisini.

Ukitaka hatua inayofuata, tumia programu ya kutunza nywila. Wewe unakumbuka moja tu, yenyewe inakumbuka nyingine zote na kuzitunga. Na ina faida ambayo watu hawaisemi: inajaza nywila kwa kuangalia anwani ya tovuti. Ukiwa kwenye tovuti bandia inayofanana kabisa na ya kweli, haijazi. Jicho lako linaweza kudanganywa na rangi na nembo, yenyewe haiangalii rangi.

#28 Tai Mweusi
Na kitunza nywila kikidukuliwa je? LastPass 2022 hawakuibiwa?

#29 Mtafiti Huru
Waliibiwa, ni kweli. Waliochukua walibeba nakala za makabati ya wateja, nywila za ndani zikiwa zimefungwa kwa nywila kuu ya kila mteja. Aliyekuwa na nywila kuu fupi alikuwa hatarini, aliyekuwa na ndefu isiyotumika kwingine alikuwa na nafasi nzuri zaidi. Kwa hiyo nywila kuu ndiyo ya kuitolea jasho. Chagua maneno kwa kete. Orodha ya Diceware ina maneno 7,776, kila neno unalipata kwa kurusha kete mara tano. Maneno sita ya namna hiyo hakuna kompyuta itakayoyakisia leo.

Na jamani, msitumie methali! "Harakaharakahainabaraka" inaonekana ndefu lakini kila kilichoandikwa vitabuni na mitandaoni kimo kwenye orodha zao. Mistari ya nyimbo na ya maandiko vilevile.

#30 Kitasa
Hapo kwenye methali umegusa wengi humu.

#31 Zuhura
Nimekuwa nikifikiria uzi huu tangu asubuhi. Nina maelezo ya nne. @Msomaji Mtulivu, muulize dada kama wiki zilizopita alipata barua ya "nafasi yako imejaa" au "akaunti itafungwa" akabofya kiungo.

Kuna kurasa bandia zinazokaa katikati. Unaandika nywila, ukurasa unaipeleka kwenye tovuti ya kweli hapo hapo. Tovuti ya kweli inakutumia namba kwa meseji, na wewe unaiandika kwenye ukurasa bandia, nao unaipeleka. Unaingia kwenye barua yako ya kweli, huoni tofauti yoyote. Kialama anachokisema @Mtafiti Huru kimebaki kwao. Kwa maana hiyo meseji ilikuja, ila ilikuja siku nyingine kabisa, na ilikuja wakati yeye mwenyewe anaitegemea. Haiwezi kukumbukwa kama jambo la ajabu.

#32 Pweza
Hii sasa ndiyo inajibu swali langu la meseji. Zuhura, heshima kwako.

#33 Msomaji Mtulivu
Nimemuuliza. Barua ya "nafasi imejaa" anaikumbuka, ilikuja kama wiki tatu nyuma. Anasema alifungua kiungo, akaona kufuli kwenye kivinjari, kisha akafunga bila kuandika kitu. Ana uhakika.

#34 Mzee wa Kibodi
Kufuli! Hii kufuli imewapoteza watu wengi. Ilikuwa inamaanisha tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa, hakuna anayesikiliza katikati. Haikuwahi kumaanisha mwenye tovuti ni mtu mwema. Vyeti vya bure vipo siku hizi, mlaghai anachukua chake kwa dakika chache. Google waliiondoa alama ile ya kufuli kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wanaielewa vibaya.

Cha kusoma ni jina la tovuti. Tafuta mkwaju mmoja wa kwanza baada ya jina, kisha rudi nyuma kushoto. Kwenye kampunihalisi.com.mfano.net/ingia mwenye nyumba ni mfano.net. Yale maneno ya mbele mtu yeyote anaweza kuyaandika.

#35 Shangazi Mpole
Hii ya kusoma kutoka kwenye mkwaju kurudi nyuma sijawahi kuelezwa na mtu. Asante sana mzee wangu.

#36 Kipanga
Mimi naongeza mlango wa tano na nimeushuhudia kwa jirani yangu. Unafungua ukurasa unakwambia "thibitisha wewe si roboti". Badala ya kuchagua picha, unaambiwa bonyeza kitufe cha Windows na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Jirani alifuata hatua zote kwa utii, akidhani ni jaribio la kawaida. Kumbe ukurasa ulikuwa umeshanakili amri kwenye ubao wa kunakilia, na yeye kwa vidole vyake ameiendesha. Antivairasi inaweza kunyamaza kwa sababu mwenye kompyuta ndiye aliyeamuru.

Hakuna tovuti halali inayothibitisha ubinadamu wako kwa kukufungulisha dirisha la amri. Ukiona maelekezo ya Windows na R, funga ukurasa.

#37 Nyota Njema
Hii naipeleka kwenye kundi la familia sasa hivi.

#38 Jongoo Mwendo
Kila nikisoma humu naona bora Mac. Haina virusi.

#39 Mtafiti Huru
@Jongoo Mwendo hapana. Mwaka 2012 programu hasidi ya Flashback iliingia kwenye Mac zipatazo 600,000. Na ukurasa bandia wa nywila hauulizi unatumia kompyuta gani. Ukiandika nywila yako kwenye Mac imeibwa vile vile.

#40 Tai Mweusi
Mimi naona mnasahau masasisho. WannaCry ya Mei 2017, ile programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa kwa barua pepe zenye viambatisho, watu walifungua kwa sababu Windows yao ilikuwa ya zamani.

#41 Mzee wa Kibodi
Nusu ni kweli. Windows haikuwa imesasishwa, sawa. Lakini haikusambaa kwa viambatisho. Ilipita yenyewe kwenye mtandao, kutoka kompyuta hadi kompyuta, kwa tundu la huduma ya kushirikiana mafaili. Hakuna aliyebofya kitu. Microsoft walikuwa wameziba tundu hilo Machi 2017, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamesasisha walilala usingizi wao. Waliokuwa wakibonyeza "nikumbushe baadaye", zikiwemo hospitali za Uingereza, waliamka skrini nyekundu inadai dola 300 kwa Bitcoin.

Unayoichanganya nayo ni ILOVEYOU, hiyo ndiyo ya kiambatisho. Faili lilijiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na Windows kwa kawaida huficha kipande cha mwisho cha jina, watu wakaona .TXT wakadhani ni maandishi tu. Hadi leo Windows inaficha. Nendeni kwenye mipangilio ya folda mfanye ionyeshe viendelezi vya majina ya mafaili, mtaona ankara.pdf.exe ikijitokeza ilivyo.

#42 Kitasa
ILOVEYOU ya 1999 hiyo.

#43 Mzee wa Kibodi
Mei 2000, mwanangu.

#44 Nyota Njema
😄😄 Kitasa umejipeleka mwenyewe.

#45 Kitasa
Sawa, 2000. Lakini masasisho nayo yana mambo yake. Julai 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta milioni 8.5, viwanja vya ndege vikasimama. Mtu akisema anasubiri kwanza, simlaumu.

#46 Fundi Bisibisi
Ile ilikuwa programu ya makampuni, kompyuta ya nyumbani haina. Na zile zilizoanguka zilirudi. Faili lililofungwa na wadai fidia halirudi kama huna nakala. Mimi nimepokea watu wanalia kwenye benchi langu, picha zote za mtoto tangu azaliwe zimegeuka takataka, na nakala "ipo" lakini ipo kwenye diski iliyokuwa imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo. Nayo ikafungwa pamoja. Naomba sana watu wasikie hapa: diski ya nakala ikimaliza kunakili, ICHOMOE. Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae mbali na nyumba. Na jaribu kufungua mafaili yako kutoka humo mara moja moja, maana wengine hugundua nakala ni tupu siku wanapoihitaji.

Na anayetumia Windows 10 ajue Microsoft walisitisha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayebaki nayo ajiandikishe kwenye mpango wao wa muda wa masasisho ya usalama au ahame. Kompyuta itaendelea kuwaka kama kawaida, na hilo ndilo linalowadanganya watu.

#47 Msomaji Mtulivu
Wakuu nimerudi na jambo jipya. Tumefungua orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti. Kuna kompyuta yake, simu yake, na simu yake ya ZAMANI, aliyompa mtu miaka miwili nyuma. Bado imeandikwa "imeingia". Anasema alifuta picha na majina kabla ya kuitoa.

#48 Kipanga
Kufuta picha si kufuta simu. Inatakiwa kurudishwa kwenye hali ya kiwandani, baada ya kuondoa akaunti. Huo ni mlango wa sita, na hautaki nywila, namba, wala kirusi.

#49 Zuhura
Orodha inaonyesha simu hiyo ilitumika mara ya mwisho lini?

#50 Msomaji Mtulivu
Inaonyesha mwezi huu, lakini siku haionyeshi. Na kuna kuingia kwingine kwa Ijumaa kutoka kivinjari cha Windows, mji ambao hajawahi kufika.

#51 Mtafiti Huru
Kivinjari cha Windows. Basi si simu. Nabaki na kidakuzi kutoka programu ya kijana.

#52 Zuhura
Au kidakuzi kutoka ukurasa wa "nafasi imejaa". Nacho kingetumika kwenye kivinjari cha Windows vile vile. Mji hausemi kitu, mtu anaweza kujificha nyuma ya VPN akaonekana popote.

#53 Pweza
Au mwenye simu ya zamani aliongeza anwani yake ya kurejesha akaunti, akabadilisha njia ya uthibitisho, akaingia kwa Windows. Mmeangalia anwani za kurejesha alivyosema Fundi kule #13?

#54 Msomaji Mtulivu
Zipo mbili. Moja ni yangu. Ya pili ni ya kazini kwake pa zamani, ambako aliacha kitambo. Hajui kama bado ipo au alipewa mtu mwingine.

#55 Tai Mweusi
Mlango wa saba huo. Hii nyumba ina milango kuliko kuta.

#56 Fundi Bisibisi
Kujua ni upi kwa hakika itakuwa ngumu, na kwa dada si lazima. Yote yafungwe. Anwani ya kazi itolewe leo. Simu ya zamani iondolewe kwenye orodha. Kompyuta isakinishwe upya kabisa, nakili hati na picha tu, usinakili programu. Mtoto apewe akaunti yake ya kawaida. Baada ya hapo ndipo nywila mpya kwa kila tovuti, kuanzia barua pepe, maana barua pepe ndiyo inayorejesha nyingine zote.

#57 Mtafiti Huru
Na meseji abadilishe kwa funguo za siri (passkey), zile Apple, Google na Microsoft walizozitangaza kwa pamoja 2022. Ufunguo unafungamana na tovuti halisi, ukurasa bandia wa @Zuhura hauupati. Ila sitaki kudanganya watu: ukishaingia, kidakuzi kikiibwa na programu iliyomo ndani ya kompyuta yako, hata ufunguo haukuokoi.

#58 Shangazi Mpole
Kwa hiyo mimi leo nizime meseji?

#59 Fundi Bisibisi
Hapana shangazi, usizime chochote bado. Meseji ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na hatua ya pili kabisa. Weka kwanza ufunguo au programu ya namba zinazobadilika kila sekunde 30, ujaribu kuingia nayo. Kisha chapisha zile namba za akiba, za kuingilia simu ikipotea, uziweke kwenye lile daftari lako. Hapo ndipo utaamua kuhusu meseji. Ukianza kwa kuzima, simu ikipotea utafungiwa nje ya akaunti yako mwenyewe.

#60 Zuhura
@Msomaji Mtulivu ile barua ya "nafasi imejaa" kama bado ipo, usiifute. Tuwekee hapa jina la tovuti lililo kwenye kiungo, liandike kwa nafasi kati ya herufi asije mtu akabofya.